Swala wa Kilundwe

Jua lilikuwa limeinama na ukuta wa mlima Kundelungu umegeuka mwekundu kama makaa, wakati Clément alipomgusa dereva begani akamwambia asimamishe gari. Alihitaji picha moja tu. Moja iliyo nzuri, kisha warudi nyumbani.

Ulikuwa mwaka 1962. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na vita vyake. Clément alikuwa mpiga picha wa Katuba, pale Élisabethville, mji ambao sisi wenyewe tunauita Lubumbashi. Miaka yote alikuwa amepiga picha za maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, na wafanyakazi wanaotaka picha ya kitambulisho. Watu waliokaa kimya mbele ya pazia lake la bluu. Sasa ofisi moja ya mjini ilikuwa imemtuma porini. Walitaka kalenda ya wanyama, ili watu wa nje waone kwamba Katanga ni nchi tulivu na tajiri. Wakampa gari la jipu, wakampa dereva aitwaye Mwape, mnene, mcheshi, hodari wa bunduki, na wakampa lenzi ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole.

Lakini wanyama hawakai mbele ya pazia. Kila waliposikia injini walitimka. Milio ya risasi ilikuwa imewafundisha. Tembo aliowapiga picha kwa mbali wangetoka kama vidoa. Punda milia wangetoka kama vumbi. Siku zilikuwa zimekwisha, na sasa walikuwa wanarudi mjini mikono mitupu.

Na moyo wa Clément ulikuwa mzito kwa jambo jingine kabisa.

Kilundwe.

Kabla hajaondoka, mkewe Léonie alimwomba neno moja tu: apite Kilundwe, karibu na Lukafu, amwone dada yake mkubwa, Albertine. Tangu mapigano yaanze hapakuwa na habari yoyote. Mchana ule walifika. Nyumba zilikuwa zimesimama, milango wazi. Hapakuwa na moto uliopita, wala damu, wala maiti. Sufuria zilikuwa bado juu ya mafiga, na ugali umekauka ndani yake kama jiwe.

Nguo ndizo zilizomtisha.

Zilikuwa zimelala chini, katikati ya kijiji, kila moja mahali pake. Shati na suruali. Kitenge na blauzi. Kaptula ndogo za watoto. Kana kwamba watu walisimama kwa mstari, wakazivuka nguo zao kama mtu anavyovuka kizingiti, wakaenda zao. Na kuzunguka nguo hizo, udongo wote ulikuwa umekanyagwa na kwato.

"Bantu balikimbia," Mwape alisema, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa sauti ya chini. "Kisha nyama ya pori ikaingia. Njo vile tu."

"Na nguo?"

Mwape alikuwa ameshawasha gari.

Ndiyo maana jioni ile, pale uwandani, Clément hakuwa na hamu ya kupiga picha. Aliwaona tu, na mkono wake ukaenda wenyewe.

Swala. Kundi zima la swala wakubwa, rangi ya kahawia, mbali kule kando ya matete, juu ya majani yaliyoungua.

Hawakukimbia.

Mwape alizima injini. Kimya kikaja, kimya kizito, hata ndege hawakulia. Clément akashuka, akaegemeza lenzi juu ya boneti, akafumba jicho moja. Kundi likamjia karibu ndani ya kioo. Wote walikuwa wamesimama kwa mstari, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyekula jani. Hakuna aliyetikisa sikio.

Aliujua utulivu ule. Aliuona kila siku ndani ya studio yake.

Akabonyeza. Akazungusha filimu. Akabonyeza tena. Dume mmoja mzee, mwenye mvi kidevuni, akatoka mstarini akaanza kuja polepole upande wa gari, na nyuma yake jike mmoja akamfuata.

"Mbona hazikimbie?" Mwape alinong'ona.

"Sijui... Nyamaza."

Dume mzee akaja. Akaja tena kidogo. Akasimama, akainamisha kichwa, kama mtu mzima anayetaka kusalimia. Clément akazungusha filimu, akabonyeza.

Ndipo bunduki ikalia.

Clément aliruka. Mwape alikuwa amesimama juu ya kiti cha jipu, bunduki begani, anacheka. "Shiye tutarudi bure? Ile njo chakula!"

Dume alikuwa ameanguka. Jike aliyekuwa pembeni yake akaruka mara moja, akaingia ndani ya matete. Wengine hawakukimbia bado. Walisimama palepale, wakiangalia. Clément, bila kujua anafanya nini, akabonyeza tena. Kisha kundi likageuka, likaondoka. Kwa kutembea. Kimya kimya, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka likazama kwenye moshi wa jioni.

Walipofika kwenye mzoga, Mwape akalipasua tumbo. Harufu ikapanda. Haikuwa harufu ya nyama wala ya majani.

Ilikuwa harufu ya tumbako.

"Muzee huyu alivutaka sana," Mwape alisema, akacheka peke yake.

Na kutoka ndani ya matete, karibu sana, Clément akasikia mtu anakohoa.

Alisimama akisikiliza. Upepo. Matete. Hakuna kingine. Akajiambia ni swala tu, kwani swala nao hukohoa. Lakini alirudi garini upesi, na hakugeuka nyuma.

Walilala njiani. Mwape alichoma ini, akalila lote, akilamba vidole. Clément alikunywa chai tu.

Kesho yake, alasiri, waliingia mjini. Mwape alimshusha mlangoni kwake Katuba, akamkatia paja moja, naye akachukua kichwa, ngozi na nyama iliyobaki, akaenda kwake Ruashi. Léonie alitoka mbio, mikono imejaa unga.

"Yaya? Ulimuona yaya Albertine?"

Clément aliweka chini mfuko wa filimu. "Kijiji hakuna muntu. Lakini hakuna pia maiti, Léonie. Balikimbia. Nina hakika balikimbia."

Habari za nguo hakuzisema.

Léonie alikaa chini kwenye ngazi, akalia kidogo, bila sauti. Kisha akajifuta uso kwa kitenge, akainuka, akawasha makaa ndani ya mbabula, akaanza kukata nyama. Mikono yake ilitaka kazi. Clément naye alitaka kazi. Akaingia katika chumba cha giza nyuma ya studio, akafunga mlango, akaosha filimu gizani, kisha akawasha taa nyekundu.

Filimu haikumwambia kitu. Ilikuwa na mistari midogo mieupe tu, kama majani. Akaiweka kwenye mashine ya kukuzia, akaangaza karatasi, akaitia ndani ya beseni la dawa. Akalitikisa beseni polepole.

Kwanza ikaja mbingu.

Kisha ukaja mlima.

Kisha matete, na mbele ya matete, mstari mweusi wa miili. Clément akatabasamu. Picha ilikuwa kali, safi, nzuri kuliko alivyotazamia. Akainama aone pembe.

Hapakuwa na pembe.

Palikuwa na mabega.

Akaushika ukingo wa beseni. Karatasi iliendelea kuwa nyeusi mbele ya macho yake, na kila kilichokuja kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Mabega. Mikono iliyoning'inia. Miguu miwili, miwili, miwili. Watu. Watu uchi, wanaume kwa wanawake, wamesimama kwa mstari juu ya majani yaliyoungua, wakubwa nyuma, watoto mbele, wote wanaangalia kamera. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanangoja.

Akatia karatasi ya pili. Hii ilionyesha mzee mwenye ndevu nyeupe, ametoka mstarini, kichwa ameinamisha kusalimia. Na nyuma yake mwanamke. Paji pana la uso. Mwanya kwenye meno. Clément aliujua uso ule kama anavyoujua uso wa mkewe, kwa sababu ulikuwa karibu uso uleule.

Albertine.

Ya tatu hakutaka kuiosha. Akaiosha. Mzee alikuwa amelala chini, mkono mmoja umenyooka.

Harufu ikapita chini ya mlango. Kitunguu. Nyanya. Mchuzi unaochemka. Na ndani ya mchuzi, nyembamba kama uzi...

Tumbako.

Clément aliusukuma mlango, akapiga mbio uani. "Léonie! Usikule! Léonie!"

Mkewe alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, mwiko mkononi. Alimwangalia kwa mshangao.

"Sijakula. Nimeonja tu chumvi."

Alimnyang'anya mwiko. Akaishika sufuria kwa mikono mitupu, ikamchoma, akaiangusha chini. Mchuzi ukamwagika juu ya vumbi. Léonie alisimama, mdomo wazi, na kabla hajauliza kitu, sauti ikatoka kwenye ua wa mbele. Sauti ndogo, kavu, kama ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi.

"Odi..."

Wakatazamana.

"Odi ku nyumba..."

Mwangaza wa jioni ulikuwa bado upo kidogo. Mwanamke alisimama kwenye mlango wa ua, amejifunga kipande cha turubai. Miguu yake ilikuwa myeusi mpaka magotini kwa majivu ya majani yaliyoungua. Shingoni na shavuni alikuwa na madoadoa makavu, rangi ya kutu.

"Yaya!" Léonie alipiga kelele, akamkimbilia, mikono wazi.

Albertine akarudi nyuma. Pua yake ilipanuka. Akanusa hewa mara mbili, tatu, haraka haraka.

"Munapika nini?" akauliza.

Aliiona sufuria iliyoanguka. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akakaa chini polepole, palepale mlangoni.

"Muzee Kunda," alisema. "Ni muzee Kunda ile."

Hakutaka kuingia ndani ya nyumba. Hakutaka kiti. Léonie alimletea kitenge na maji, na alipokwisha kunywa alisimulia, kwa kunong'ona, macho yake yakienda huku na huku kila mlango wa jirani ulipolia.

"Tulisikia bunduki ku kijiji ya ng'ambo. Usiku tuliona moto. Hatujue ni askari ya nani, ya huku ao ya kule, bote banaua sawasawa. Shiye tuko na bazee, na batoto. Tukimbilie wapi? Muzee Kunda, munganga yetu, akatuita. Akasema: sina kitu ya kupiganisha, lakini niko na kitu ya kuficha. Akatunawisha na dawa, moja moja. Akasema mutatoka mu nguo zenu, mutangoja ku mbuga mpaka vita ipite. Mvua ya kwanza ikianguka, miye nitabarudisha. Yeye peke yake njo alijua namna ya kurudisha."

"Askari balikuja?" Clément aliuliza.

"Balikuja. Balipita katikati yetu. Balituona nyama ya pori tu, na bale balikuwa na haraka." Kisha akamgeukia, na macho yake yalikuwa makubwa, meusi, yenye maji. "Jana gari yako ikasimama. Bote balitaka kukimbia. Miye nikaona sura yako, shemeki. Nikabaambia, kwa namna yetu ile ya kusema... nikabaambia ni Clément. Ni bwana ya mudogo wangu. Simameni. Huyu hatatufanya mubaya. Na muzee akaenda mbele kukusalimia."

Clément aliigeukia sufuria iliyomwagika.

Walisimama kwa ajili yake. Hawakukimbia kwa sababu walimjua.

Léonie alikuwa ameufunika mdomo kwa mikono miwili.

"Damu yake ilinirukia," Albertine aliendelea, akigusa shavu. "Niliingia mu matete, nikaanguka. Nikasikia niko nakohoa. Nikaangalia: mikono. Mikono yangu njo hii. Damu ya muzee inarudisha muntu. Lakini ilinirukia miye tu. Bengine banangoja kule. Ngozi iko wapi, shemeki? Ngozi iko na damu. Iko wapi?"

"Iko kwa Mwape. Ruashi."

"Twende. Upesi, mbele ya damu kukauka yote."

Clément alichukua koti. Ndipo swali lingine likamjia, akalitoa kabla ya kulifikiri. "Yaya Albertine... umefika hapa na nini? Sisi tulikuja na gari, na tumefika sasa hivi."

"Na miguu," alisema, kama jambo la kawaida. Hakuwa anahema hata kidogo.

Léonie alimshika dada yake mkono. "Na miye, yaya? Nilionja mchuzi. Kidogo. Ncha ya mwiko."

Albertine alimshika kidevu, akamwinua uso kwenye mwanga uliobaki, akamtazama ndani ya macho, jicho moja, kisha la pili.

"Damu inarudisha," alisema. "Nyama... nyama, muzee hakutuambia."

Kutoka Katuba mpaka Ruashi walipanda teksi ya jirani mmoja, ambaye Clément alimwambia kwamba kuna mgonjwa. Albertine alikaa nyuma, kichwa nje ya dirisha. Kwenye kizuizi askari waliwamulika kwa tochi, wakawapitisha. Tochi ilipopita usoni mwa Albertine, macho yake yakawaka kijani, yakazima. Yule askari alirudi hatua moja nyuma, akajifanya hajaona.

Mke wa Mwape, Annie, alikuwa amesimama nje ya lango lake, mikono kifuani, kama mtu anayengoja daktari.

"Clément! Mulimupa nini bwana yangu kule? Tangu amefika hakuingia mu nyumba. Nilimuita akule, alikataa. Anasema nyumba inanuka bantu."

"Ulikula ile nyama, wewe?"

"Nyama gani? Iko inaning'inia kule nyuma. Hakuniruhusu hata kuigusa."

Walizunguka nyumba. Ua wa nyuma ulikuwa na giza lililochanganyika na moshi wa majiko ya jirani. Ngozi ilikuwa imetandikwa juu ya waya, nyama inaning'inia pembeni yake, na kichwa kiko chini. Na kule mwisho, karibu na ukuta wa matofali, Mwape alikuwa amesimama.

Alikuwa amesimama wima, bila kutikisika, ubavu ukiwa upande wao, uso wake umegeukia barabara ya Lukafu. Taya lake lilikuwa linatafuna. Polepole. Upande mmoja, kisha upande mwingine. Mbele yake, bustani ya viazi vitamu ya Annie ilikuwa imekwanyuliwa majani yote.

"Mwape," Clément alinong'ona.

Shingo ikageuka. Shingo tu, mwili haukutikisika. Ule uso mnene uliokuwa ukicheka kila wakati haukuwa na kitu ndani yake. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Mwape, ndugu yangu. Ni miye."

Albertine alikuwa ameshaikamata ngozi. Aliivuta, na waya ukalia.

Mwape aliruka.

Hakushika ukuta. Hakupanda. Mwanaume mnene yule, aliyekuwa akilalamika kila anaposhuka garini, alipita juu ya ukuta mrefu kuliko yeye, miguu imekunjwa chini ya tumbo, bila kugusa tofali hata moja. Kisha wakasikia upande wa pili, juu ya barabara ngumu, mlio mkavu unaokwenda mbali.

Ko. Ko. Ko-ko-ko...

Annie akaanza kupiga mayowe.

Clément alimshika asianguke. Alipogeuka, Albertine alikuwa ameifunga ngozi mgongoni kama mama anayebeba mtoto, na kile kichwa ameking'ang'ania kifuani, pembe zikiwa juu ya bega lake. Alikuwa amelala shavu juu yake, analia.

"Ngoja. Nitatafuta gari," Clément alimwambia. "Nitakupeleka mwenyewe mpaka kule."

Albertine akatikisa kichwa. Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Gari yako, shemeki, sasa bakiiona batakimbia."

Akatoka langoni, akashika njia ya kaskazini. Walimwona akitembea, kisha akienda mbio nyepesi, zisizo na kishindo. Kisha hawakumwona tena.

Nyama yote waliizika usiku uleule, ile ya Ruashi na ile ya Katuba. Filimu Clément aliichoma. Kule ofisini aliwapa tembo wake wa vidoa, wakakasirika, na kalenda yao haikuchapishwa kamwe. Kuhusu Mwape, watu walisema amekimbilia ng'ambo ya mpaka kwa kuogopa vita. Annie hakuwabishia. Angewaambia nini?

Na Clément akaanza kumtazama mkewe.

Alimtazama akipika, akisuka nywele, akiongea na majirani. Alimtazama akilala. Léonie alikuwa Léonie. Alicheka kwa yale yale, aligomba kwa yale yale. Juma likapita, mwezi ukapita. Mvua zikaja. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Katanga ikarudi ndani ya Kongo, bendera ikabadilishwa, na Clément akaanza kuamini kwamba ncha ya mwiko ilikuwa ndogo mno, haikutosha kitu.

Mvua zilipokoma, dereva mmoja wa lori alileta habari: Kilundwe kuna moshi. Watu wanalima.

Waliazima gari dogo la bidhaa la mjomba wake Léonie, wakaenda pamoja. Na ni kweli. Nyumba zilikuwa zimepakwa udongo mpya. Watoto walikuwa wanacheza. Wanaume kwa wanawake walikuwa mashambani, migongo imeinama, majembe yanapanda na kushuka. Albertine alikuja kuwapokea, amenenepa, amejifunga kitenge kipya, na dada wawili wakashikana wakalia mpaka wakacheka. Wakaletewa mahindi mabichi ya kuchoma. Wazee wakamsalimia Clément mmoja mmoja, kwa heshima, bila neno juu ya yaliyopita, naye hakuweza kumtazama usoni hata mmoja wao.

Hapakuwa na mbwa. Aliligundua hilo baadaye kidogo. Kijiji kizima, wala mbwa mmoja.

"Tunaletaka," Albertine alimwambia alipouliza. "Hazikubali kubakia."

"Na Mwape?" Clément aliuliza kwa sauti ya chini.

Albertine akaonyesha kwa midomo, kule mbali, ambapo shamba linakwisha na mbuga inaanza. Palikuwa na swala mmoja. Peke yake. Amesimama.

"Anakuyaka kila magaribi mpaka pale. Hapiti. Tulimaliza damu ya muzee yote kwa bantu betu, haikubakia hata tone."

Jua lilikuwa linashuka. Clément akasema ni wakati wa kuondoka. Léonie alikuwa ameshaingia garini, amekaa mahali pake, ananyoosha mkono dirishani akimuaga dada yake. Clément akaweka kikapu cha mahindi nyuma, akakibana vizuri, akaufunga mlango wa nyuma. Ulikuwa mlango mbovu. Akausukuma kwa nguvu.

Pa!

Na kijiji kizima kikaondoka.

Hapakuwa na kelele. Majembe yalianguka chini kwa pamoja. Mama akamnyakua mtoto, mzee akatupa fimbo, watoto wakaacha mpira wao unabingirika, na wote, wote, wakageuka kwa wakati mmoja kuelekea upande mmoja, wakazama ndani ya majani marefu. Majani yakatikisika, yakatulia. Clément alibaki peke yake katikati ya nyumba tupu, na moto ukilia chini ya mahindi.

Alisubiri. Hakujua afanye nini kingine.

Baada ya muda walianza kutoka. Mmoja hapa, wawili pale. Walikuwa wanajipangusa vumbi, wanacheka kwa aibu, wanaokota majembe bila kuangaliana, kama watu waliokosea wimbo kanisani. Albertine alipita karibu yake, akamgusa mkono. "Itaisha," alisema. "Pole pole itaisha."

Clément akageuka kuelekea gari, amwambie Léonie asiogope.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi, unayumba.

Alimwita. Akamwita tena. Watu wa Kilundwe walisimama, wakamwonea huruma. Jua lilikuwa limeshagusa ukingo wa uwanda alipomwona anatoka majanini, mbali kuliko wote, viatu hana, mbegu za majani zimejaa nywele zake, kifua kinapanda na kushuka. Alikuja polepole. Alipofika karibu akasimama, umbali wa hatua kidogo, akamtazama kama anayejaribu kukumbuka jina lake.

"Nilisikia tu ile mulio," alisema hatimaye. "Miguu ikaenda. Clément... miguu ikaenda yenyewe."

Akavua koti lake mwenyewe akamfunika nalo. Moyo wa Léonie ulikuwa unapiga kasi, kasi mno, aliusikia kupitia kitambaa. Akamsaidia kuingia garini. Kisha akaurudisha mlango taratibu, kwa mikono miwili, akiubonyeza mpaka ukashika bila mlio.

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, wakapata watoto, watoto wakapata watoto. Wageni waliofika katika nyumba ile ya Katuba walishangaa kuona vipande vya blanketi vimepigiliwa misumari kwenye fremu ya kila mlango. Clément aliwaambia ni kwa ajili ya baridi.